Mtumishi na Mahali Pake pa Kazi

Mara nyingi twasikia watu wakiuliza kwa nini mwalimu au muuguzi apelekwaye vijijini haishi kuomba uhamisho. Hujibiwa upesi kwamba mshahara ni mdogo. Ni kweli, ila si kweli yote.

Mshahara tusiudharau. Mwaka 2012 walimu wa Tanzania waligoma, wakidai pamoja na mengine posho ya mazingira magumu, hata Mahakama ikaamuru warudi madarasani. Mwaka 2025 kima cha chini katika utumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hata 500,000. Amhubiriaye subira mtu mwenye deni dukani, yaelekea yeye mwenyewe hajapata kudaiwa.

Hata hivyo, mwaka 1959 mtaalamu Frederick Herzberg alitoa kitabu juu ya wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh, Marekani. Aliona kwamba mambo yaudhiyo kazini na mambo yaridhishayo si mamoja. Mshahara mdogo na usimamizi mbaya huleta manung'uniko. Vikirekebishwa, manung'uniko hupungua. Lakini furaha yenyewe hutokana na kazi izaayo matunda, na kutambuliwa, na kukabidhiwa madaraka. Wengine wamembishia, nasi twaona alipunguza mno uzito wa fedha. Walakini tofauti hiyo yatufaa.

Tuchukue kata ya Nyambureti, wilayani Serengeti. Mwalimu aliyezaliwa mbali aingia darasa la kwanza, mbele ya watoto waijuao lugha ya nyumbani kuliko Kiswahili. Auliza swali, nao watazamana. Akiwadhania wazito wa akili, atachoka kabla ya mwaka kwisha. Akijifunza kwao maneno machache ya salamu na hesabu, ataona kazi yake ikizaa. Cheti chake ni kile kile. Kufaa kwake hapo ndiko kulikobadilika. Na wazazi nao wana sehemu yao: ni wangapi waendao shuleni pasipo lalamiko?

Tena zipo tuzo zisizohitaji kuongeza posho: kuthibitishwa kazini kwa wakati, kupewa somo ulilosomea, barua kujibiwa. Mtumishi asafiriye hata Mugumu kuuliza habari za kupandishwa daraja, akaambiwa arudi juma lijalo, hurudi na nauli imekwisha na moyo umepoa. Siku zote hizo mbili, darasa la kwanza limekaa bila mwalimu.