Mas'ala ya Mzee Dhaifu na Chanjo Iliyo Haba

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Enyi ndugu zetu wa pwani, jueni yakuwa njia itokayo kwenu Bagamoyo, ikapita Unyanyembe hata Ujiji, haikutuletea nguo na shanga na ilimu ya dini peke yake. Ndui nayo ilifuata misafara, na wapagazi walioshikwa nayo wakaachwa kando ya njia. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, maradhi yalipata chombo cha upesi zaidi. Na ile homa ya mafua ya mwaka 1918, iliyoua mamilioni ya watu duniani, iliingia nchi zetu hizi kwa bandari, kisha ikapanda bara kwa reli pamoja na abiria. Basi mwenye mzee dhaifu hapa Tabora asiseme kuwa mafua ya mji wa bandari yako mbali naye.

Mas'ala tuliyoulizwa ni haya. Mtu ana mama yake aliyepita miaka sabini, ana pumu, na kila mafua yakimshika humlaza kitandani siku nyingi. Tabibu amemshauri amchanje chanjo ya mafua. Chanjo hiyo haimo katika zile wapewazo watoto wetu bure katika zahanati. Hununuliwa, nayo huja kidogo, na mahali alipokwenda aliambiwa zimebaki chache na wanaozingoja ni wengi. Kisha akajiwa na mtu akamwambia, "Toa kitu kidogo, jina la mama litapanda juu." Ndipo akauliza: je, yajuzu? Na wema kwa mama je, haumpi ruhusa?

Kabla ya jawabu, yafaa mtu ajue kwa nini chanjo hii huwa haba. Mafua hubadilika sura mwaka hata mwaka, kwa hivyo Shirika la Afya Duniani hutaja mara mbili kwa mwaka aina za kutiwa katika chanjo: mwezi wa Februari kwa nchi za kaskazini, na Septemba kwa nchi za kusini. Kuitengeneza huchukua karibu miezi sita, na wanunuzi huagiza mapema; asiyeagiza hakuti. Tena sharti ihifadhiwe katika baridi ya digrii 2 hata 8 tangu kiwandani mpaka begani mwa mtu. Na jua la Tabora la mwezi wa Oktoba mwalijua, au mmelisikia. Chanjo iliyosafiri mfukoni mwa mchuuzi katika jua lile haina amana tena, hata akiiuza kwa bei ya dhahabu.

Ama asili ya kuchanja haina tabu. Imam Nawawi amebainisha kuwa kujitibu ni sunna, na kutawakali hakuvunjwi nako. Wako wanaosema chanjo hii ina najisi. Nyingi katika hizo hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, na asili ya yai la kuku ni tohara. Lau kungekuwamo najisi, madhehebu yetu yamejuzisha kujitibu kwayo, isipokuwa ulevi mtupu, ikiwa hakuna kitu tahiri cha kusimama mahali pake kwa kauli ya tabibu mwaminifu. Wala sindano ya msuli haifunguzi saumu, kwani haikuingia kwa tundu la mwili lililo wazi.

Sasa tuingie katika mas'ala yenyewe. Mzazi asiye na mali, nafaka yake ni juu ya mwanawe mwenye uwezo, na wanavyuoni wetu wametia ndani yake ujira wa tabibu na thamani ya dawa. Na wamepanga daraja: mtu huanza na nafsi yake, kisha mkewe, kisha mwanawe mdogo, kisha mama yake, kisha baba yake, mama ametangulizwa kwa udhaifu wake na kwa ukubwa wa haki yake. Basi mtu huyu akibakiwa na thamani ya sindano moja baada ya hao wa mbele, ni ya mama yake, wala hana udhuru.

Lakini angalieni, ndugu zangu, yakuwa daraja hizi ni za mtu kugawa mali yake. Agawa kilichomo katika kapu lake. Zamu ya mtu mwingine haimo katika kapu lake, na mapenzi ya mama hayaitii humo. Hapa ndipo wengi huteleza, tena huteleza kwa nia njema: humwona mama yake akitweta usiku kucha, akadhani kila mlango umehalalika kwake.

Basi zamu ni ya nani? Imam Nawawi katika Minhaj amesema juu ya watu waliosongamana mbele ya kadhi: hutangulizwa aliyetangulia kuja, ikiwa hajulikani, au wamekuja pamoja, hupigwa kura, na msafiri aliye tayari kuondoka huweza kupitishwa mbele, madhali wasafiri si wengi. Nasi walimu wa vyuo twafuata mfano huo kwa watoto wanaongoja kusomeshwa. Katika dawa pana jambo jingine juu ya kutangulia, nalo ni ukubwa wa dhara: mzee mwenye pumu na kijana mwenye nguvu hawako sawa. Kwa hivyo tabibu na wenye amri hupanga kwanza kwa udhaifu. Na walio sawa kwa udhaifu hupangwa kwa kutangulia. Na walio sawa kwa yote mawili hupigiwa kura.

Wala msidhani haya ni ya vitabuni tu. Mwezi wa Oktoba 2004 kiwanda kimoja cha Liverpool, Uingereza, kilizuiwa kutoa chanjo ya mafua, na Marekani ikapotewa na karibu nusu ya ile iliyokuwa ikiitazamia. Watu wazima wenye afya waliombwa waache, wapate wazee, watoto wachanga na wagonjwa. Na baadhi ya miji ilipiga kura. Nasi kwetu, tarehe 24 Julai 2021 ziliwasili chanjo 1,058,400 za Janssen za maradhi ya Korona, na tarehe 28 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya watu. Chanjo milioni moja kwa nchi ambayo hesabu ya mwaka 2022 iliikuta na watu 61,741,120! Wakatangulizwa watumishi wa afya, wenye miaka 50 na zaidi, na wenye maradhi ya kudumu. Umri wangu ulinitia katika safu hiyo. Jirani yangu kijana akangoja, wala sikumdhulumu. Kweli wengi walisita wakati ule kwa uvumi, na zamu zao zikakaa bure. Mwenye kuiacha zamu yake kwa uvumi ameiacha. Akirudi, na aanze nyuma.

Ama ile rushwa, aipokeaye amefanya haramu kwa hali zote. Mtoaji, wanavyuoni wamemruhusu ikiwa aiokoa haki yake aliyozuiliwa kwa dhuluma na hana njia nyingine, na dhambi ikawa juu ya mpokeaji. Lakini muulizaji huyu hakuzuiliwa haki. Jina la mama yake limo katika safu, na mbele yake wamo watu. Atoapo fedha hanunui haki yake, anunua zamu ya mama wa mwenziwe, ambaye pengine kifua chake ni kibaya zaidi. Ni haramu juu yake. Akisema, "Huyo simjui," jawabu yake ni kwamba haki haingoji kujuana.

Basi afanye nini? Amweleze tabibu hali ya mama bila ya kuongeza wala kupunguza, kwani udhaifu wake ni hoja ya kutangulizwa, na kuutaja si kujipendekeza. Asimame yeye katika safu na mama akae nyumbani, kisha amwite. Kumshikia mwingine mahali yajuzu. Aulize Dar es Salaam au Mwanza, na mwaka ujao aagize miezi mapema. Na akitokea mtu mwenye afya aliye mbele akataka kumwachia mama zamu yake, ni jambo la kupendeza, kwa sharti mama achukue mahali pale pale pa yule na yule atoke, ili walio katikati wasipungukiwe na kitu.

Na mpaka sindano ipatikane, nyumba ndiyo kinga. Mwenye kikohozi asimbusu mkono bibi mzee, hata ikiwa ni Idi, wala asiketi chumbani mwake. Maradhi ni udhuru wa kuacha jamaa na Ijumaa. Basi mwenye mafua makali asijikaze kwenda msikitini akarudi nayo, au akawaachia wazee wa safu ya kwanza. Jiko la mkaa litolewe chumbani mwa mwenye pumu. Na hata akisha kuchanjwa, mwili wahitaji kiasi cha wiki mbili kupata kinga, basi adabu hizi zisiachwe siku ile ile.

Limebaki swali dogo tuliloulizwa na mtumishi mmoja wa zahanati. Chupa ya Janssen ilikuwa na sindano tano, na ikisha kufunguliwa haikai zaidi ya saa sita. Jioni ikibaki moja, na wenye zamu wameitwa wasije, je, apewe kijana apitaye njiani? Naam, apewe. Kuimwaga ni kupoteza mali, na kupoteza mali kumekatazwa. Wala hapo hakuna aliyenyang'anywa zamu. Lakini aanze kwa kuwapelekea khabari wazee wa mtaa ule ule, maana mzee hutembea polepole, na huenda yuko njiani.

Wallahu aalam.