Inchi nne za Gerezani na mgongo wa njia ya Mihambwe

Mzee mmoja wa Mihambwe alinikuta nimelala chali chini ya Hilux yangu, mchanga umeniingia hadi masikioni. Akachungulia, akasema, "Njomba, gari refu hivi nalo linakwama?" Sikumjibu. Malori ya korosho yalikuwa yamechimba makorongo mawili marefu, na difu yangu ya nyuma ilikuwa imekaa juu ya mgongo wa katikati kama kuku anayeatamia. Matairi yanazunguka, gari halisogei. Wiki tatu nyuma nilikuwa nimelipa fedha ya magunia kadhaa kulinyanyua gari hilohilo inchi nne, nikiamini nimeagana na kukwama.

Kila msimu ukikaribia naulizwa: kwa njia zetu hizi, gari linyanyuliwe kiasi gani? Nitajibu kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza, usinunue kabla hujapima. Mimi nilinunua kwanza. Nilikuwa Dar, nikapita Gerezani kwenye maduka ya spea. Muuzaji akatazama viatu vyangu vyenye vumbi jekundu, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tandahimba. "Aah, huko bosi bila inchi nne hufiki!" Naapa mtu yule hajawahi kuvuka Daraja la Mkapa, lakini njia yangu aliijua kuliko mimi. Sisi wa korosho tunalijua hilo, ni kangomba tupu: unapimiwa kwa kopo la mnunuzi na mzani upo. Nikapewa spesa za kuweka juu ya springi za mbele na vipande vya chuma vya kuweka kati ya ekseli na springi nyuma. Boksi halina jina la kiwanda wala halisemi gari libebe kilo ngapi. Wenzangu wanaofunga springi za Old Man Emu za Australia wanalalamikia bei, nami ningelalamika, lakini kule angalau unachagua springi kwa uzito unaobeba.

Sasa sikiliza jambo ambalo hakuna aliyeniambia dukani. Difu ya nyuma ya Hilux iko ndani ya ekseli, na ekseli imesimama juu ya matairi. Nyanyua bodi hadi lifike kenchi za ghala, difu itabaki palepale. Kinachoipandisha ni tairi, tena kwa ubahili: ukitoka 265/70R16 ukaenda 265/75R16, tairi linaongezeka kimo sentimita 2.65, na difu inapata nusu yake tu, sentimita 1.3. Inchi zangu nne zote zilikwenda kwenye bodi. Nilikuwa juu kama tajiri na difu iko chini kama zamani.

Mbele ni kinyume. Kule difu imefungwa kwenye chesesi, kwa hiyo inapanda pamoja na gari, huku magurudumu yakibaki chini. Shafti zinainama, jointi zinafanya kazi zimepinda, na buti za mpira zinajikunja hadi zinapasuka. Yangu ya kushoto ilipasuka nikielekea Newala; grisi ikapaka rimu yote kwa ndani, nami nikafikiri ni tope. Kwa gari ambalo mbele lina mkao huu, inchi mbili ndio mwisho wangu. Anayetaka zaidi aanze kubadilisha mikono ya juu na kushusha difu, ajiandae na bili.

Nilisahau breki. Hilux nyingi zina kifimbo kinachotoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kwenye valvu ya breki. Bodi likishuka, valvu inajua gari lina mzigo na inaongeza breki za nyuma. Ukinyanyua bila kukirekebisha, valvu inadhani gari ni tupu siku zote. Niligundua hilo kwenye mteremko wa kushukia bonde la Ruvuma, nina magunia sita nyuma na mama mkwe mbele. Gari liliinama upande wa korongo, mama mkwe akanyamaza kabisa, na kwa wanaomjua hilo ndilo lililonitisha. Hapo nikakutana na jambo jingine, kupinduka: chukua nusu ya upana kati ya matairi, ugawe kwa kimo cha kitovu cha uzito. Wamarekani hupima hivyohivyo hatari ya gari kupinduka. Upana ukiwa mita moja na nusu na kitovu kiko sentimita 70, unapata 1.07. Kipandishe hadi 78, unabaki na 0.96. Namba ndogo, lakini ukiwa umekaa upande wa bondeni utaisikia kiunoni.

Hatua ya pili ndiyo niliyoinunua kwa jasho, kwa hiyo nivumilie. Pima gari likiwa na mzigo wako wa kweli. Mimi nilitoa kwanza vyuma vyote vya Gerezani, nikaenda kwenye ghala la chama chetu cha msingi kwa sababu sakafu yake ni saruji iliyonyooka. Nikapakia magunia sita, nikajaza tangi, nikaweka vijana wawili ndani. Kisha nikapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, magurudumu yote manne. Usipimie chini, upepo wa tairi utakudanganya. Halafu piga jeki kwenye chesesi mpaka gurudumu lining'inie, upime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo nafasi ya gurudumu kushuka linapotafuta ardhi kwenye shimo. Mbele nilipata sentimita tisa. Inchi nne ni zaidi ya kumi! Maana yake, kwa shokapu zilezile, gurudumu lilikuwa limeshafika mwisho hata gari likiwa limesimama, na kila shimo lilipiga kama nyundo. Nyuma kipimo kilinichekesha: likiwa na mzigo, gari lilikuwa limeshuka sentimita sita kuliko likiwa tupu, kwa sababu springi zilishachoka. Sikuhitaji gari refu. Nilihitaji springi nzima.

Takataka zile hazikurudi, fundi akaanza upya. Mbele tukapandisha sentimita nne, nyuma akaongeza jani moja la springi, akarekebisha kifimbo cha breki, akahakikisha paipu za breki hazivutiki gurudumu likining'inia. Alaimenti ikafanywa. Upepo wa matairi kwenye mchanga punguza, hilo unalijua.

Hatua ya tatu ni fimbo. Yule mzee wa Mihambwe, baada ya kucheka vya kutosha, alikata tawi, akalisimamisha kando ya difu, akatia alama kwa panga. "Hii ndiyo gari lako," akasema, "huko juu ni mapambo." Ninayo nyuma ya kiti hadi leo. Juzi nilishuka nayo njia ileile, nikailaza upande wa mgongo wa katikati. Mgongo ulipita alama kwa vidole vitatu. Nikarudi kinyumenyume hadi penye mikorosho, nikazungukia Kitama, nikafika ghalani saa mbili usiku wakati karani anafunga mlango.