Breka Ikijikata, Usiilazimishe

Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wakazi wa Kolandoto na maeneo ya jirani

Kijitabu hiki kimeletwa na malalamiko. Mvua za Novemba zikishaanza, maneno ni yale yale: umeme mbovu, breka haikai, nikiipandisha inashuka. Hasira tunaielewa. Lakini laini mpaka kwenye mita ni ya TANESCO. Kuanzia mita kuingia ndani, waya, soketi na breka ni mali yako mwenye nyumba, hata kama uliunganishiwa na mradi wa umeme vijijini wa REA kwa shilingi 27,000. Na breka inayojikata kwa kawaida haijaharibika. Inafanya kazi uliyoinunulia.

USIIRUKE BREKA

Tunaanza na jambo linalotutisha kuliko yote, kwa kuwa wengi hufunga vijitabu kabla ya ukurasa wa pili. Breka ikishuka mara tatu mfululizo, mwenye nyumba huchoka na kumwita kijana mwenye testa na koleo. Kijana anaunganisha waya unaoingia na ule unaotoka, breka inabaki pambo la ukutani. Taa zinawaka, kijana analipwa, watu wanalala. Penye fyuzi za zamani hutumika msumari au waya mnene. Ni hatari ile ile.

Itazame swichi kubwa yenye kitufe kidogo cha herufi T. Mafundi huiita RCD. Zile za kawaida za majumbani hukata umeme unaovuja kabla haujapita miliampea 30. Taa ya wati 10 peke yake hutumia kama miliampea 43. Yaani inakata kabla uvujaji haujatosha hata kuwasha taa ndogo, kwa sababu umeme unaozidi hapo kidogo tu, ukipita kifuani mwa mtu, unaweza kuusimamisha moyo. Breka ndogo za pembeni zinalinda waya usiungue. Hii kubwa ndiyo inayomlinda mtoto anayefungua friji akiwa peku. Anayeiruka amemwondolea mtoto wake ulinzi huo, na hakuna fundi mwenye akili atakayekuambia vinginevyo.

Wapo pia wanaojiona wajanja: breka ya ampea 20 ikisumbua, wanaweka ya 40. Je, waya wa soketi wa milimita 2.5 nao wameunenepesha? Hapana. Sasa kinachoshindwa kwanza ni waya, huko juu ya dari, karibu na mbao kavu. Tunarudia: usiiruke breka, usiibadilishe kwa kubwa zaidi, usimruhusu mtu afanye hivyo nyumbani kwako.

KUTAFUTA CHANZO

Kwanza mtazame jirani. Kama naye yuko gizani, tatizo liko kwenye laini. Kama jirani ana umeme, tazama mita yako ya LUKU: uniti zimebaki? Zikiwepo na breka imeshuka, mkosaji yumo ndani ya nyumba yako, na kumlaumu mtu wa TANESCO hakutamtoa.

Kisha angalia breka inashuka vipi. Ikishuka papo hapo unapoipandisha, pengine kwa mlio, fikiria shoti: waya wa moto umegusana na nyutro au erthi. Ikikaa dakika kadhaa ndipo ishuke, fikiria mzigo. Piga hesabu: jiko la umeme wati 2,000, birika wati 2,000, pasi wati 1,200, jumla 5,200. Gawanya kwa volti 230, unapata karibu ampea 23. Breka ya 20 ina haki ya kukataa. Pika kwanza, pasi ingoje. Lakini swichi kubwa ikishuka ovyo, hasa usiku wa mvua, huo ni uvujaji, na uvujaji hutafutwa kwa subira.

Kausha mikono, vaa viatu, na kifuniko cha boksi la breka kisifunguliwe. Shusha breka ndogo zote. Chomoa kila kifaa. Tunasema chomoa, kuzima swichi ya soketi hakutoshi, kwa sababu mara nyingi swichi hiyo hukata waya wa moto tu, na nyutro inabaki imeungana na kifaa. Friji mbovu iliyozimwa hivyo bado inaweza kuiangusha RCD, nawe ukaapa kwamba friji haihusiki. Sasa pandisha swichi kubwa. Ikikaa, pandisha breka ndogo moja moja, ukisubiri kidogo kila mara. Itakayoleta matata iache chini, nyumba iliyobaki iendelee na umeme wake. Zikikaa zote, chomeka vifaa kimoja kimoja. Mara nyingi anayekamatwa ni birika, pasi, hita ya maji au friji iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika.

RCD ikigoma hata breka zote zikiwa chini, usitangaze kuwa imekufa. Breka ndogo nyingi hukata waya wa moto peke yake, hivyo nyutro iliyogusana na erthi mahali fulani bado inaweza kuiangusha. Hapo kazi yako imekwisha. Iliyobaki ni ya fundi mwenye kipimo.

Huku kwetu fundi aanzie kwenye taa ya nje isiyo na kifuniko, waya wa pampu uliofukiwa bila bomba, na waya unaopita chini ya bati lenye makali. Asisahau panya wanaofuata magunia ya mpunga na mahindi. Mwenye nyumba analalamikia umeme, panya ananenepa.

KIMYA KINACHODANGANYA

Zipo nyumba ambazo breka husumbua masika na kutulia kiangazi, mwenyewe akamshukuru Mungu. Asiharakishe. Udongo wa mbuga ukikauka hupasuka, na fimbo ya erthi iliyochimbiwa kwa uvivu haishikwi tena vizuri. Kwingine waya wa shaba umeshaibwa. Chukua nyumba isiyo na RCD, yenye erthi ya omu 50. Bodi ya friji ikiguswa na waya wa moto, kinachopita kwenda ardhini ni ampea 4.6 tu. Breka ya 20 haishtuki. Friji inaendelea kupoza, bodi yake ina umeme, na nyumba iko kimya.

Bonyeza kitufe cha T kila mwezi. Swichi isiposhuka, ibadilishwe. Ila kitufe hicho hupima swichi yenyewe, erthi hakiipimi. Erthi ipimwe na fundi, afadhali Septemba au Oktoba udongo ukiwa umekauka kabisa. Kumwagia fimbo ndoo ya maji asubuhi ya ukaguzi tunakujua.

MOTA, VISHOKA NA MAMBO MENGINE

Ndugu zetu wanaorudi kutoka machimbo ya Mwakitolyo na Geita na mota ya karasha au pampu ya duarani: soketi ya sebuleni si mahali pake. Mota inapoanza inaweza kuvuta umeme mara tano hadi saba ya kawaida yake. Omba laini ya njia tatu. Vigezo, fomu na gharama, pamoja na masharti ya daraja la bei la D1 na uniti zake 75 kwa mwezi, uliza ofisi ya TANESCO.

Fundi akuonyeshe leseni ya EWURA kabla hajashika koleo. Asiye nayo ni kishoka, hata kama ni mtoto wa shangazi. Lakiri ya mita haiguswi na yeyote isipokuwa TANESCO. Haya tumeyasema mara nyingi, na tutaendelea kuyasema.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Shusha swichi kubwa kwanza. Kisha afikishwe Hospitali ya Kolandoto, hata akisema hajambo, kwa kuwa moyo unaweza kuvurugika baadaye. Moto ukiwaka, usimwage maji kabla umeme haujakatwa, piga 114. Hitilafu ikiwa kwenye laini au mita, piga 180 ukiwa na namba ya mita mkononi, na useme umeme ulikatika saa ngapi, mvua ilikuwa inanyesha au la, na jirani alikuwa nao au hakuwa nao.