Betakarotini ya Mwani wa Chumvi na Mapafu ya Mvutaji

Katika maziwa na mabwawa yenye chumvi nyingi huishi mwani wa chembe hai moja, usioonekana kwa macho matupu, uitwao Dunaliella salina. Unapozidiwa na jua kali na chumvi, mwani huu hujikinga kwa kujilimbikizia betakarotini, hata maji yakaonekana mekundu. Rangi hiyo yaweza kufikia sehemu 1 kwa 10 ya uzito wake ukisha kukaushwa. Ndiyo maana hukuzwa nchini Australia na Israeli, kisha ukauzwa kama vidonge au unga wa kuongeza afya.

Mwili wa binadamu hugeuza betakarotini kuwa vitamini A, ambayo upungufu wake humfanya mtoto asione gizani. Betakarotini inayozidi huipa ngozi rangi ya manjano, hasa viganjani, ilhali weupe wa macho haubadiliki. Kwa dalili hiyo mhudumu ataitofautisha na manjano ya ugonjwa wa ini.

Kwa kuwa walaji wa matunda na mboga kwa wingi walionekana kupata saratani ya mapafu kwa nadra, ilidhaniwa kwamba betakarotini ndiyo kinga. Nchini Ufini wanaume 29,133 waliovuta sigara waliingizwa katika jaribio, na baadhi yao wakapewa miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 hadi 8. Matokeo ya mwaka 1994 yalikuwa kinyume cha matarajio: waliomeza betakarotini waliugua saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza. Huko Marekani, jaribio la watu 18,314, wakiwamo wavutaji, walioacha kuvuta na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto, lilisitishwa Januari 1996 kabla ya muda wake. Waliopewa betakarotini pamoja na vitamini A walikuwa wameugua kwa asilimia 28 zaidi.

Ni kweli kwamba betakarotini ya majaribio hayo ilitengenezwa viwandani, na wauzaji wa ile ya mwani hupenda kuitaja tofauti hiyo. Hoja hiyo haitoshi: hakuna jaribio la ukubwa huo lililothibitisha kuwa ya mwani ni salama kwa mvutaji. Basi anayevuta sigara, au aliyevuta kwa miaka mingi, asimeze vidonge vya betakarotini vya dozi kubwa, viwe vya asili au vya kiwandani. Onyo hili halihusu chakula. Viazi lishe, karoti, maembe na mchicha aendelee kuvila.

Mhudumu anapoandika dawa anazotumia mgonjwa, na aulize waziwazi kuhusu vidonge na unga wa mwani, kwani wapo wasiovihesabu kuwa dawa.