Dondoo muhimu: Nywele zako na vumbi la Machakos

Kati ya Juni na mvua za Oktoba hewa ya Machakos hukauka, na nywele za kipilipili huumia kwanza, kwa kuwa mafuta ya kichwa hayafiki nchani kwa urahisi.

1. Osha kichwa kila wiki moja au mbili, hata ukiwa umesuka.
2. Maji ya kisima yana chumvi? Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua uliyokinga.
3. Paka mafuta nywele zikiwa na unyevu. Mafuta hayaongezi maji, huyazuia yasitoke.
4. Chana kwa kitana cha meno mapana, ukianzia nchani.
5. Msusi akivuta mpaka unashindwa kufumba macho, mwambie alegeze. Vipele kwenye ukingo wa paji ni onyo: nywele za hapo zikivutwa miaka mingi huenda zisirudi. (Kumeza dawa ya maumivu ili ulale baada ya kusukwa si urembo.)
6. Fumua baada ya wiki sita hadi nane, hata kama zilikugharimu.
7. Usijikune kabla ya kuweka dawa ya kulainisha; paka kwenye nywele mpya tu, kamwe si juu ya kidonda.
8. Kwa kinyozi, taka mashine isafishwe ukiona.
9. Mtoto akiwa na mapunye, mpeleke hospitali. Kwa kawaida huhitaji dawa ya kumeza, ya kupaka pekee haitoshi.
10. Lala na kitambaa cha satini; pamba hunyonya unyevu.