Tazama Kilicho Kijani Mwishoni mwa Jilaal Kabla ya Kununua Mche

Mwezi wa Machi, jilaal inapokaribia kwisha, sehemu kubwa ya Garissa huonekana kana kwamba moto umepita. Nyasi zimekwisha, vichaka vimebaki vijiti, na vumbi jekundu hupanda nyuma ya kila lori. Wengi huona huu si wakati wa kuzungumzia mimea. Kumbe ndio wakati bora wa kuichunguza. Mvua ya gu ikishanyesha, kila kitu huwa kijani na ni vigumu kutofautisha mti imara na wa msimu. Lakini mti ambao Machi bado una majani, maua au matunda umekwisha kufanya mtihani wake.

Kwa hiyo mkazi anayetaka kupanda mwaka huu aanze kwa kutembea. Apite mtaani, aombe ruhusa ya kuingia ua wa jirani, atazame kando ya msikiti, shuleni na kwenye laga. Kwa kila mti wa kijani ajiulize maswali mawili: unapata wapi maji, na unamfaa nani?

Mjini, mti wa kwanza kuonekana ni mwarobaini. Asili yake ni Bara Hindi, lakini sasa ndio kivuli cha maduka, ofisi na vituo vya magari. Ukiona mwarobaini mmoja umenona kuliko wenzake, tazama chini yake: mara nyingi pana mahali watu wanapotawadha. Maji ya udhu, ambayo hayana sabuni, yanatosha kulea mti mzima, na hayagharimu chochote zaidi.

Kwenye kuta za nyumba utaona bogonvilia imejaa rangi wakati kila kitu kingine kimekauka. Ukiimwagilia sana huzaa majani; ukiipunguzia maji huchanua. Waridi la jangwa nalo huchanua maua ya waridi likiwa halina hata jani moja, kwa sababu maji limeyahifadhi ndani ya shina lake nene. Ni pambo zuri la uani, lakini utomvu wake ni sumu, na katika Afrika Mashariki umetumika kupaka mishale. Lipandwe mbali na mahali watoto wanapocheza na mbuzi wanapolishwa, na anayelikata aoshe mikono vizuri.

Nje ya mji mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa huko mti wa kijani ni chakula. Mgunga, ambao Wasomali huuita qurac, hudondosha maganda yake kiangazi, na mbuzi huyaokota malisho mengine yanapokuwa yamekwisha. Anayekata mgunga kwa ajili ya makaa huuza magunia machache na kupoteza lishe ya miaka mingi. Mswaki nao hubaki kijani mwaka mzima. Majani yake yana chumvichumvi ambayo ngamia huipenda, na vijiti vyake vinajulikana kwa kila anayesafisha meno.

Mti unaostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni garas. Majani yake ni magumu na mazito, hivyo hupoteza maji kidogo, na kivuli chake hakiondoki. Hata ukame ukiwa mkali, garas huzaa. Mbegu zake zimewahi kuokoa familia nyingi za wafugaji Kenya, Somalia na Ethiopia, ingawa sharti zichemshwe kwa muda mrefu kabla ya kuliwa. Kuna wazee wanaosema garas ikizaa kupita kawaida, ukame uko njiani. Mti huu hukua polepole mno, na ndiyo sababu haufai kuachiwa shoka: aliyekata leo hataishi kuona wa kuchukua nafasi yake ukiwa mkubwa.

Lakini ukijani peke yake hautoshi. Mathenge ni kijani kuliko yote, na hapo ndipo lile swali la pili lina kazi. Ulipandwa Bamburi, karibu na Mombasa, mwaka 1973 ili kufufua machimbo, kisha miaka ya 1980 ukapelekwa maeneo kame kuzuia mmomonyoko na kutoa kuni. Leo unaziba njia za mifugo kufikia maji, miiba yake hutoboa magurudumu na kwato, na utamu wa maganda yake huharibu meno ya mbuzi. Wakazi wa Baringo walipokwenda mahakamani, walimpeleka Nairobi mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Mbegu hupita tumboni mwa mnyama zikiwa nzima na kuota anapopita. Usiupande, hata kwa kivuli. Penye mathenge tayari, maganda yasagwe unga kabla ya kulishwa mifugo. Kusaga huziua mbegu.

Ukishachagua mti wako, chimba shimo la kina cha sentimita 60 mapema, kabla ya gu. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, acha kisahani cha kukusanya maji kuzunguka mche, na funika udongo kwa majani makavu. Uzio wa matawi ya miiba uwekwe siku ileile ya kupanda, si kesho yake, mbuzi hawangoji. Mbegu za mgunga zimwagiwe maji moto na kulazwa humo usiku kucha, kwa sababu ganda lake ni gumu. Za mwarobaini ni kinyume chake: zipandwe mbichi, kwani zikiwekwa miezi michache nyingi hazioti tena.