RUFAA YA MTU ALIYEKATALIWA SHAHIDI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, Hakimu wa mahakimu, na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad na Aali zake na Sahaba zake.

Ama baad. Swali hili huulizwa mara kwa mara katika baraza zetu: mtu ameshtakiwa kuwa amempiga mwenziwe akamjeruhi, akaja kortini na shahidi wake, hakimu akakataa kumsikiliza shahidi yule, kisha mtu akahukumiwa kifungo. Je, hukumu hiyo yaanguka kwa kuwa shahidi alikataliwa? Wengi hujibu pale pale, kahawa haijapoa, kuwa yaanguka. Jawabu hilo si sahihi, na laweza kumtia mtu hasarani. Kwani huandika rufaa yake akidhani kuwa kulalamika peke yake kwamtosha, akaacha kusema lile ambalo korti ya juu yataka kulisikia.

Asili ya jambo hili katika dini yetu ni kubwa. Bwana Ali bin Abi Talib, Mwenyezi Mungu Amwie radhi, alipotumwa na Mtume s.a.w. kwenda Yaman kuwa kadhi, alikuwa kijana naye akaiogopa kazi ile. Katika mausio aliyopewa, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi, ni kuwa wakikaa mbele yake mahasimu wawili asihukumu mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Na katika Sura Saad mna kisa cha Nabii Daud a.s. alipoingiliwa na mahasimu wawili waliopanda ukuta. Mmoja akashtaki kuwa nduguye ana kondoo tisini na tisa, naye ana mmoja tu, na huyo mmoja nduguye amtaka. Nabii Daud akatamka kuwa umedhulumiwa wewe. Baadhi ya wafasiri wamesema kuwa mtihani wake ulikuwa ni huko kutamka kabla ya kumsikiliza wa pili. Basi ikiwa Nabii alitahiniwa kwa jambo hili, wasemaje juu ya hakimu mwenye mashauri arubaini mezani pake?

Walakini si kila anayekataliwa shahidi amedhulumiwa. Sharia yenyewe yakataa mashahidi. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kama ilivyo katika Minhaji ya Imamu Nawawi inayosomeshwa misikitini mwetu, haukubaliwi ushahidi wa mzazi kwa mwanawe wala wa mtoto kwa mzazi wake, wala wa adui juu ya adui yake, wala wa mtu ajivutiaye nafuu. Ndugu kwa ndugu wakubaliwa, na rafiki kwa rafiki, na mume na mke kila mmoja kwa mwenziwe. (Jambo hili la mke wengi hawalijui, wakawaacha wake zao nyumbani nao ndio walioona kila kitu.) Yasimuliwa kuwa Bwana Ali mwenyewe, naye ni Khalifa, alishtakiana na Myahudi juu ya deraya mbele ya kadhi Shuraihi, na Shuraihi akaukataa ushahidi wa Bwana Hasan kwa kuwa ni mtoto kwa babake, na Khalifa akaridhika. Wanazuoni wa Hadithi wameisema sanadi ya kisa hiki kuwa ni dhaifu, basi sisi twakitaja kwa mfano tu. Sharia iliyomo ndani yake ni sahihi kwetu.

Na Minhaji yatufunza mambo mawili yatakayotufaa huko mbele. La kwanza, mwenye kumtoa shahidi kasoro yampasa ataje sababu. Haitoshi kusema kuwa huyu hafai. La pili, hukumu ya kadhi haivunjwi kwa kuwa kadhi mwingine angaliona vingine. Yavunjwa ikidhihiri kuwa yapingana na Kitabu au Sunna au Ijmai au kiasi kilicho wazi. Yaani kosa lenye kuvunja hukumu ni kosa lililo zito.

Sasa na tuje katika korti za serikali. Kwani shauri la kupigana, hapa Kenya, halimo mikononi mwa kadhi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imemwekea kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Mwenye kushtakiwa kwa kumdhuru mtu mwilini huhukumiwa kwa kifungu cha 251 cha Sheria ya Adhabu, ambacho kifungo chake chaweza kufika miaka 5; na rufaa yake, akihukumiwa na hakimu wa korti ya chini, huenda Korti Kuu.

Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 50, yampa mshtakiwa haki ya kuleta ushahidi na kuupinga ushahidi wa wenziwe, na haki ya kukata rufaa. Na Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1963 yamfanya kila mtu kuwa afaa kushuhudia, illa yule ambaye korti imeona kuwa hawezi kuyafahamu maswali au kuyajibu kwa akili, kwa utoto au uzee mno au maradhi. Mtu akisoma hapa tu, atasema haki yangu i wazi. Lakini asome mpaka kifungu cha 175. Humo mmeandikwa, kwa maana yake, kuwa kukataliwa ushahidi kimakosa si sababu peke yake ya kuvunja hukumu, ikiwa korti ya juu yaona kuwa lau ushahidi ule ungalipokewa, hukumu isingalibadilika. Sharti hili si jipya. Lilikuwamo katika kifungu cha 167 cha Sheria ya Ushahidi ya Bara Hindi ya mwaka 1872, ambayo Waingereza waliitumia katika nchi hizi kabla ya kutungwa hiyo ya 1963.

Basi hapa ndipo penye fundo la jambo lote. Korti ya rufaa haiulizi tu: Je, shahidi alikataliwa bila ya haki? Yauliza na la pili: Maneno yake yangaligeuza nini?

Na tutoe mfano kwa Zaidi na Amri, ambao wamekuwa wakipigana katika vitabu vya nahau kwa zaidi ya miaka elfu, basi hawatachukia tukiwapiganisha mara moja zaidi. Zaidi ni mvuvi. Ashtakiwa kuwa alimpiga Amri kwa kasia pale dikoni akamvunja mkono. Amri na nduguye washuhudia kuwa Zaidi ndiye aliyeanza. Zaidi asema: Amri alinijia na kisu, nami nilijikinga kwa nilichokuwa nacho mkononi. Kisu hakikuonekana. Ana mashahidi wawili. Wa kwanza ni mzee aliyekuwa akishona nyavu hatua chache kando, naye aliona mwanzo wa jambo na mwisho wake. Wa pili ni muuza duka aliyesikia khabari ile jioni, akaambiwa na watu kuwa Amri alikuwa na kisu.

Siku ya shauri mzee aingia kortini, aketi benchi la nyuma, kwani hapana aliyemwambia angoje nje. Na hapo akamsikia Amri akishuhudia. Zamu yake ilipofika, hakimu akasema: Huyu amekwisha kuwasikia wenziwe, simpokei. Muuza duka naye akakataliwa, kwa kuwa hakuona kwa macho yake. Zaidi akafungwa miaka 2.

Tazama tafauti ya hawa wawili. Muuza duka alikataliwa kwa haki, kwani sheria yataka mtu ashuhudie aliloliona au kulisikia mwenyewe; na hata katika fiqhi yetu, kushuhudia juu ya ushahidi wa mwingine kuna masharti yake, nayo si maneno ya jioni dukani. Zaidi akimtaja huyu katika rufaa yake ataidhoofisha tu. Ama mzee, kukaa kwake ndani hakukumharamishia kushuhudia; kwaweza kupunguza uzito wa maneno yake, na hakimu alikuwa na haki ya kuupima uzito huo baada ya kumsikiliza, si kabla. Hapa pana kosa. Na kosa hili lageuza nini? Lageuza kila kitu. Kwani shauri lote lasimama juu ya swali moja: nani alikuwa mshambulizi na nani alikuwa mwenye kujikinga? Fiqhi yetu yamruhusu mtu kumsukuma mshambulizi kwa lililo jepesi kisha lililo zito zaidi, na sheria ya serikali nayo yamruhusu mtu kujikinga kwa kiasi cha haja. Na Zaidi halazimiki kuthibitisha kuwa kisu kilikuwako. Mwenye mashtaka ndiye alazimikaye kuondoa shaka. Mzee yule, aliyekuwa si ndugu wa huyu wala wa huyu, alikuwa na uwezo wa kuitia shaka hiyo.

Lakini je, Korti Kuu itajuaje kuwa mzee angalisema hayo? Jaji wa rufaa hakuwako dikoni wala hakuwako katika korti ya chini. Alicho nacho ni mwenendo wa shauri, yaani yale yaliyoandikwa na hakimu siku ile. Katika shauri moja mashuhuri la mwaka 1972, Korti ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki ilieleza kuwa korti ya rufaa ya kwanza yapasa iupime upya ushahidi wote na kutoa uamuzi wake yenyewe. Walakini haiwezi kupima lisiloandikwa. Kwa hivyo rufaa huanza siku ile ile shahidi anapokataliwa. Mshtakiwa au wakili wake na asimame kwa adabu, aombe yaandikwe mambo matatu: kuwa shahidi fulani yuko tayari; kuwa angalishuhudia kadha wa kadha; na sababu ya hakimu kumkataa. Akinyamaza, akatoka akalalamika nje chini ya mwembe, amepoteza nusu ya haki yake.

Ikiwa hayakuandikwa, pamebaki mlango mwembamba. Korti ya rufaa, kwa kifungu cha 358 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai, yaweza kupokea ushahidi wa ziada ikiona haja, nayo huandika sababu zake. Mlango huu haufunguliwi kwa shahidi aliyekuwako tangu mwanzo na mwenyewe hakumwita. Wafunguliwa kwa yule asiyeweza kupatikana wakati ule, mwenye maneno yahusuyo shauri na yenye kusadikika.

Na rufaa ikikubaliwa, si lazima Zaidi aende nyumbani. Korti yaweza kumwachia huru, au kuamrisha shauri lisikizwe upya mbele ya hakimu mwingine. Tena ijulikane kuwa korti hiyo ina uwezo hata wa kuizidisha adhabu. Tumeona watu wakikata rufaa kama wakatao tiketi ya bahati nasibu, nao wajua katika nyoyo zao kuwa walipiga na walianza. Mtu huyo na akumbuke Hadithi ya Bibi Umm Salama waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambamo Mtume s.a.w. ameonya kuwa atakayehukumiwa kupewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa hoja zake, amekatiwa kipande cha moto. Na mbaya kuliko huyo ni yule anayemfunza mzee maneno ya kusema. Lakini aliye kama Zaidi wetu, asiambiwe kuwa kukata rufaa ni kukosa subira. Ana mke na watoto wanaongoja chombo kitoke, na kumwachia hakimu kosa lake si katika uchaji Mungu.

Siku za rufaa hapa Kenya ni 14 tangu kuhukumiwa. Hati yake huandikwa, ikatiwa sahihi na mwenyewe au wakili wake, na sababu zake zikatajwa moja moja; aliye gerezani humkabidhi mkuu wa gereza, naye huipeleka. Siku zikipita, korti yaweza kuipokea kwa sababu njema, na yalazimika kuipokea ikiwa kuchelewa kumetokana na kukosa nakala ya hukumu na ya mwenendo wa shauri baada ya kuziomba. Basi na aziombe kwa maandishi siku ile ile, aweke nakala ya barua yake. Ndugu zetu wa Tanga na Bagamoyo, kwa shauri lililohukumiwa na korti ya wilaya, wao hutoa notisi katika siku 10 na kuleta rufaa katika siku 45. Wallahu aalam.